Mbwa Niliyemchora Mara Mbili

Dakika ishirini. Zikizidi hapo mkono unaanza kuniwasha na picha inaharibika. Mwalimu wangu wa chuo cha sanaa alijaribu kunitibu ugonjwa huu kwa miaka miwili na nusu, mpaka nikamwachia chuo chake. Alitaka nikae wiki nzima mbele ya chupa tatu na kitambaa. Wiki nzima, jamani! Chupa zenyewe haziendi popote, tunazingoja zifanye nini?

Kwa hiyo nachora mbwa. Paka pia, sungura pia, na mara moja kobe ambaye mmiliki wake alidai nimemtia haraka usoni. Mtu ananitumia picha kwenye simu, jina la mnyama na maneno mawili kuhusu tabia yake. Jioni saa kumi na moja naegemeza simu kwenye mkebe wa brashi, najirusha mubashara, nachora. Watu mia mbili, mia tatu, wanatazama wakiwa mezani na chai yao, mkate na parachichi mkononi, wananichokoza. "Yasna, hiyo ni pua au kiazi?" "Yasna, leo umekunywa kahawa ngapi?" Nami nawajibu hivyo hivyo, mdomo na brashi vinakwenda pamoja. Napuliza karatasi kwa mashine ya kukaushia nywele, natia sahihi, kwisha kazi. Kesho yake adhuhuri nashuka hadi uwanja wa Echaurren, mteja anachukua picha yake, ananilipa, kila mtu anashika njia yake. Miaka minne nimechora nusu ya wanyama wa mji wetu wa Valparaíso, na sikuwahi kumgusa hata mmoja. Nilikuwa najivunia hilo. Hakuna manyoya kwenye sweta, hakuna kulambwa.

Mwaka huu mwezi wa nane, siku ya Jumatatu, nikaletewa ujumbe wa sauti. Mimi ujumbe wa sauti siupendi, naona unanifunga kamba kwenye kiti. Huu ulikuwa wa dakika sita. Nikausikiliza nikiosha vyombo.

"Mwanangu, mimi naitwa Edelmira Barrientos, niko kilima cha Lecheros, simu hii ni ya jirani. Nataka unichoree Waziri. Waziri ni mbwa. Nilimwita hivyo kwa sababu anakuja, anakula, anakuahidi kwa macho kwamba atarudi, halafu humwoni mpaka ajisikie."

Nikacheka peke yangu jikoni. Halafu bibi akaacha mzaha.

Mwanawe, Gastón, anayefanya kazi migodini huko Calama, alikuja wiki tatu zilizopita kumwangalia, maana bibi alianguka ngazini mwezi wa tano na nyonga haijakaa sawa. Usiku wa ile mvua kubwa, mvua iliyong'oa mabati mji mzima, Waziri alikuja kukwaruza mlango. Gastón akasema mbwa aliyelowa haingii ndani, na mama ana kifua. Bibi hakubishana.

"Nilimsikia, mwanangu. Alikwaruza, akanyamaza, akakwaruza tena. Mimi nikavuta blanketi kichwani. Asubuhi hayupo. Kesho yake Gastón akaniambia amemwona barabarani chini, amegongwa. Miaka mitatu huyu mtoto ananiomba nikaishi kwake, na mimi namjibu, Waziri nimwachie nani? Sasa sina cha kumjibu. Ijumaa saa saba mchana tunapanda basi. Nataka picha yake niwe nayo huko, nimwombe radhi. Hapa sikumwomba."

Nilifunga bomba la maji. Sikupenda jinsi sauti ile ilivyonikaa kifuani, na mimi kitu kikinikaa kifuani dawa yangu ni moja, nakifanyia haraka kitoke. Picha iliyofuata ujumbe ilikuwa jirani, bibi na mbwa, vichwa vitatu vimebanana mbele ya simu, nyuma yao ukutani bendera ya kijani yenye jina la Wanderers, timu yetu ya mpira. Mbwa wa kahawia, kifua cheupe, nyusi moja ya manjano, sikio la kulia limechanika. Basi. Jioni ile ile nikamchora kwa dakika kumi na nane.

Jumanne bibi akashuka mwenyewe hadi uwanjani, amevaa koti la kwenda kanisani, mwanawe amemshika kiwiko. Gastón ni pande la mtu, mikono mizito, macho ya mtu asiyelala. Alikuwa anamtazamia mama yake kila jiwe la barabarani. "Hapo pameinuka, mama. Hapo pana maji." Sikumwona kama mtu mbaya, na hata sasa simwoni hivyo.

Bi Edelmira akaishika picha kwa mikono miwili. Akaitazama. Akaendelea kuitazama. Mimi nilikuwa na wateja wawili wengine wananingoja upande wa chemchemi, miguu inanicheza.

"Umemtia utulivu," akasema. "Huyu hakuwa mtulivu hata siku moja."

"Ndivyo alivyotoka kwenye picha, bibi."

"Na sikio lake hili..."

"Ndivyo lilivyotoka kwenye picha, bibi, mimi nafuata picha."

Akaifunga kwenye gazeti, akaiweka ndani ya koti. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini ili mwanawe asisikie: "Mwanangu, wewe unawajua sana hawa. Mbwa husamehe?"

Mimi nimjue mbwa! Nikamjibu, "Husamehe, bibi, husamehe haraka sana," nikakimbilia kwa wateja wangu.

Jumatano ikaingia kazi nyingine. Mzee Nolberto, fundi wa magari wa kilima cha Monjas. Ameandika kwa herufi kubwa tupu, nadhani hajui pa kuzizimia: HUYU NI PISTONI. ALIINGIA GEREJI USIKU WA ILE MVUA HAJATOKA TENA. ANALALA CHINI YA MAGARI. NATAKA PICHA KUBWA YA UKUTANI WATEJA WAMJUE WASIMKANYAGE.

Nikamweka Alhamisi. Saa kumi na moja, simu kwenye mkebe, maji, karatasi, haya twende. Mbwa wa kahawia, kifua cheupe. Dakika ya tisa nikiwa kwenye nyusi, mtazamaji mmoja akaandika: "Huyu si yule wa Jumatatu?"

"Wa Jumatatu amekufa, marehemu mpumzisheni," nikasema, mkono unakwenda.

"Nyusi ni ile ile."

"Mji huu una mbwa wa kahawia wengi kuliko ngazi zake. Wa Jumatatu alichanika sikio la kulia, huyu la kushoto. Una macho au una vifungo?"

Wakaanza kubishana wao kwa wao, mimi nikapiga rangi ya mwisho, nikapuliza, nikatia sahihi. Dakika kumi na saba. Nikawaaga.

Halafu nikashindwa kutulia. Niliosha brashi, nikaziosha tena. Nikafungua dirisha, baridi, nikalifunga. Nikaweka maji ya chai nikayasahau yakakauka, birika likanuka. Nikajiambia, Yasna, una njaa. Nikala, bado. Nikajiambia ni hali ya hewa. Nimelala kwa kugeuka geuka, na asubuhi nimeamka nimekunja taya hadi meno yanauma.

Saa tano na nusu, Ijumaa, nikachukua simu nifute picha za wiki, kama kawaida yangu. Nikafika kwenye ile ya Lecheros. Bibi, jirani, mbwa, bendera. Kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta. Na macho yangu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, yakasoma bendera.

Haikusomeka. Herufi zimegeuka, zinakwenda kinyumenyume.

Ole wangu! Katika kazi hii yangu swali la kwanza, hata kabla ya jina la mnyama, ni hili: picha imepigwa na kamera ipi? Simu nyingi za bei rahisi ukijipiga kwa kamera ya mbele zinageuza, kulia kunakuwa kushoto, kama kioo. Nimewahi kumchorea mtu paka mwenye doa kwenye jicho lisilo lenyewe, nikarudisha pesa, nikaapa. Na Jumatatu sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kumtoa bibi kifuani. Sikio la Waziri lililochanika ni la kushoto. Ndicho alichotaka kuniambia pale uwanjani, nikamkatiza, mimi mwenye wateja chemchemini.

Nikaweka picha mbili sambamba. Nyusi ile ile. Doa lile lile kifuani, lenye kona tatu. Na ule ujumbe wa fundi, nilioucheka: aliingia usiku wa ile mvua. Mbwa wa vilima vyetu huwa hivi, ana wenyewe sita, kila nyumba imempa jina lake na kila nyumba inaamini yenyewe ndiyo kwao. Nalijua hilo tangu nazaliwa. Nimemchora mbwa mmoja mara mbili ndani ya siku nne, mara ya kwanza maiti, mara ya pili mzima wa afya, na watu mia tatu wananitazama, na mmoja wao ameniambia usoni, na mimi nimemtukana.

Na bibi wa watu anahama mji kwa sababu ya kifo ambacho hakikutokea.

Nikapiga simu ya jirani. Yuko kazini, mashine za kushonea zinanguruma nyuma yake. "Wameshatoka na mabegi, dada. Wanapitia kanisani, halafu moja kwa moja kituoni."

"Gastón ana simu?"

"Anayo, lakini namba sina. Kuna nini?"

"Waziri yuko hai!"

"Waziri gani?" akauliza, halafu simu ikakatika.

Ningeweza kwenda kituoni peke yangu nikamwambia. Nililifikiria hilo nikiwa tayari nashuka ngazi mbili mbili, picha ya fundi kwapani. Lakini nani angeniamini? Binti mwenye rangi kwenye nywele anakuja mbio kumwambia bibi eti mbwa wako amefufuka, bendera imegeuka. Hapana. Mbwa aletwe, bibi amwone.

Gereji ya mzee Nolberto ni shimo lililochimbwa ubavuni mwa kilima, na siku ile manyunyu yalikuwa yanaingia hadi katikati. Yeye mwenyewe ni mfupi, sharubu nyeupe, ovaroli lililosimama kwa mafuta. Nikamwonyesha picha aliyoagiza, akafurahi mpaka akaita, "Pistoni! Njoo ujione, mwanaume!" Chini ya gari la kubebea mboga kikatoka kichwa. Sikio la kushoto, limechanika.

Sijui nilitegemea nini. Alinijia moja kwa moja, akaninusa viatu, akaegemeza uzito wake wote kwenye goti langu. Alikuwa na joto. Alinuka dizeli na maji ya mvua. Na bibi alisema kweli, hakutulia hata nukta moja, nyusi ile inapanda na kushuka kama anapanga jambo. Nilimchora mara mbili na sikukaribia hata kidogo.

Nikamweleza mzee, maneno yanagongana. Alinisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.

"Waziri?" akasema. "Huyu? Ana sura ya uwaziri huyu?"

"Anakula, anaahidi, anapotea."

"Hapo kidogo sawa." Halafu akakunja uso. "Lakini hapana, dada. Ukimpeleka, huyo bibi akamchukua?"

"Atamchukuaje, mzee? Basi halipakii mbwa, na anakwenda Calama, siku nzima na usiku."

"Na akimwona akaghairi safari? Si atarudi naye Lecheros? Mimi nina miaka tisa napiga soga na injini humu ndani. Huyu ndiye wa kwanza kunijibu."

Alikuwa na haki yake, na mimi nilikuwa na saa inayonikimbia, na damu ilinichemka kwa sababu sikuwa na mtu wa kumgombeza ila mimi mwenyewe.

"Mzee wangu," nikasema, "yule bibi alimsikia anakwaruza mlango na hakufungua. Usiku ule. Wiki tatu anaamini amemuua. Atakwenda na hilo hadi kaburini. Mimi sikuombi mbwa, nakuomba dakika kumi."

Akamtazama mbwa. "Alikuja hapa anatetemeka meno yanagongana," akasema. "Nikajiuliza, nani kamwacha nje siku kama hii? Nikamtukana huyo mtu, sitakuficha." Akatupa kitambaa. "Ingia garini. Ila kamba nashika mimi."

Alishika kamba na usukani pamoja. Ile pikapu yake ina breki za kubahatisha, fundi asiyejitengenezea, tukashuka Monjas mzee anapiga honi kila kona na Waziri, au Pistoni, amenikalia mapajani makucha ya miguu yote minne yananichoma. "Taratibu!" nikapiga kelele, mimi, mimi niliyesema neno hilo mara ya mwisho sijui lini. "Si una haraka wewe?" akacheka. Saa sita na dakika arobaini tulikuwa kituoni.

Basi lilikuwa limeshafunguliwa tumbo, mabegi yanaingizwa. Gastón amesimama na tiketi mbili mkononi, bi Edelmira amekaa kwenye benchi na koti la kanisani, gazeti limemtokeza kifuani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

Mbwa alimwona kabla yetu. Kamba ikamchomoka mzee mkononi. Sijawahi kusikia mbwa akitoa sauti ile, nusu kubweka nusu kulia, akakata katikati ya watu na mabegi akajitupa miguuni kwa bibi, anazunguka, anajigaragaza, anainuka, hajui pa kuanzia. Muuza maandazi akacheka. Bi Edelmira hakucheka. Alinyoosha mgongo, akamtazama kama anayemhesabu, sikio, nyusi, kifua, tumbo, na ule ukanda mpya wa shingoni alionunuliwa.

"Umenenepa," akamwambia. "Mimi wiki tatu nakulilia, wewe unanenepa!"

Nikawaza, Yasna, umeharibu. Alikuwa na mbwa aliyekufa akimpenda, umemletea mbwa aliyehamia kwa mwingine. Mzee Nolberto kando yangu akavua kofia.

"Ni mimi, mama," akasema. "Mimi ndiye ninayemlisha. Anakula sana."

"Anakula sana," bibi akakubali. Kisha, na ile nyonga yake mbovu, akashuka. Gastón akaruka kumshika, bibi akamzuia kwa mkono. Alipiga magoti kwenye sakafu ile chafu ya kituo, akakishika kichwa cha mbwa kwa viganja viwili, paji kwa paji.

"Nilikusikia," akamwambia. "Ule usiku nilikusikia, Waziri. Sikuwa nimelala. Nisamehe, mzee wangu."

Mbwa akamlamba uso mzima, miwani na vyote. Niligeuza macho. Miguu yangu ilitaka kukimbia na niliilazimisha ikae pale pale, maana hili nilikuwa nimelileta mimi.

"Mama," Gastón akasema. "Mama, inuka. Angalia mikono yako, mbwa amelowa huyo."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa ile sauti ya hapo pameinuka, hapo pana maji. Lakini bi Edelmira aliacha kumpapasa mbwa. Akainua uso.

"Uliniambia umemwona amekufa."

"Niliona mbwa wa kahawia, mama. Pale chini barabarani. Nilikuwa kwenye teksi."

"Hukushuka kumwangalia."

"Mvua ilikuwa inanyesha."

Na hata mimi sikushuka kumwangalia. Mimi hata mvua sikuwa nayo ya kusingizia. Bibi akampa mzee Nolberto mkono, si mwanawe, akainuka polepole. Magoti ya soksi zake yalikuwa yamelowa na kuchafuka. Akajitazama, halafu akamtazama Gastón.

"Na mimi, Gastón?"

"Wewe vipi, mama?"

"Siku nitakapolowesha kitanda chako. Itafika, usijifanye. Mama yangu ilimfika, na mimi ndiye niliyemfulia. Siku hiyo utaniweka upande gani wa mlango?"

Gastón akafungua mdomo. Nataka nimtendee haki. Alikuwa amesafiri siku nzima na usiku kumfuata mama yake. Alikuwa amemkatia kiti cha chini, cha mbele, asipande ngazi. Alikuwa ameshampakia mabegi kwa mikono yake. Nilimwombea kimyakimya, sema ndani, ndugu yangu, neno moja tu, sema. Akatazama tiketi. Akatazama zile soksi. Akafunga mdomo, akaufungua tena, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu kweli, vyumba, mke, magodoro, zamu za usiku.

Mimi nachora mbwa mzima kwa dakika ishirini, kwa hiyo dakika moja naijua urefu wake. Ile ilipita yote. Bi Edelmira aliingoja mpaka mwisho, amesimama wima, mkono wake juu ya kichwa cha mbwa.

Kondakta akafika na kalamu sikioni. "Haya, Calama, tunaondoka. Nyinyi mko wangapi?"

Gastón akamnyooshea tiketi zote mbili. Bibi akatoa moja katikati ya vidole vya mwanawe, taratibu, bila kuichana.

"Anasafiri mmoja," akasema, na akamwomba fundi Nolberto amtolee begi lake chini ya basi.